Ndege Iliyokalia Mkia

Jumapili, 2 Juni

Kura imeniangukia mimi. Chama chetu cha wajenzi wa modeli za ndege kina watu kumi na saba, na karatasi yenye duara jekundu nimeivuta mimi, mtu pekee ambaye hakuwa akisemeshana na marehemu. Nilitaka kuirudisha kwenye kopo. Katsumata, mwenyekiti wetu mwenye duka la modeli, akanikazia macho. "Mochizuki, kura ni kura. Usianze utoto."

Basi nitaimalizia ndege ya Amano Shigeru. Ndivyo tunavyofanyiana hapa Shizuoka tangu chama kianze: mwenzetu akifa na modeli iko mezani haijaisha, mmoja wetu huimaliza, na siku ya arobaini na tisa baada ya kifo, siku ya kumwombea, huwekwa mbele ya picha yake, kando ya ubani na bakuli la wali. Sheria ni moja tu. Kilichobandikwa na marehemu hakibanduliwi. Unaongeza kilichobaki, hugusi kilichokwisha.

Amano alifariki tarehe ishirini na saba Mei. Arobaini na tisa yake ni Jumapili ya tarehe kumi na nne Julai. Nina wiki sita, na msimu wa mvua unabisha hodi.

Niandike pia kwa nini tulinuniana, maana sitaki nionekane mtu wa visirani. Mei ya mwaka jana, kwenye maonyesho, nilileta modeli yangu ya Fantomu, ndege ya kivita. Nilikuwa nimeifanyia kazi miezi kumi na moja. Nyaya za mabreki nilizisokota kwa mkono, mabaka ya moshi kwenye mkia nilipaka kwa unga wa penseli. Watu wamejaa. Amano akaja, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa upande, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Hii ni ndege gani?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Bingwa wa chama, mtu aliyekuwa fundi wa injini kambi ya anga ya Hamamatsu, haitambui Fantomu, yaani nimeiharibu kiasi hicho! Nilifunga boksi langu nikaondoka. Tangu siku hiyo sikumsemesha. Mwezi wa kumi akanishinda kwenye mashindano ya chama kwa alama moja, akachukua ngao. Sikumsemesha hapo pia.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kuchukua ndege kwa mjane, Fumie. Ni Seiba, ndege ya kivita ya zamani, kipimo cha moja kwa arobaini na nane. Mwili umeshafungwa, mabawa na mkia vimekaa. Bado rangi ya nje, magurudumu, kioo cha rubani na vibandiko. Kazi ya wiki tatu kwa mtu asiye na papara.

Fumie aliishika sahani iliyobeba ndege muda mrefu kabla ya kuniachia. "Shemeji, lazima iwe ya kumalizwa? Si inaweza kuwekwa hivyo hivyo?" Nikamwambia chama kina desturi. Akaniachia, lakini aliisindikiza kwa macho mpaka getini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepiga msasa mabawa. Maungio ni safi ajabu. Mzee hakuwa amezeeka mkono.

Jumapili, 9 Juni

Nimeosha plastiki. Setsuko, mke wangu, kanikuta naipangusa kwa kitambaa chake cha hariri. Ugomvi.

Jumatatu, 10 Juni

Wametangaza kwamba msimu wa mvua umeanza. Lakini si hilo lililonifanya niandike leo.

Baada ya kifungua kinywa nilibana magurudumu kwa utepe, bila gundi, nione inavyosimama. Nikaiweka mezani. Ikasimama kidogo, ikanyanyua pua, ikakalia mkia. Pa!

Nikaiinamisha. Ikakaa tena. Pa!

Mtu asiyejenga ndege hatanielewa. Ndege ya kweli ina injini, mafuta na mitambo ya kuisawazisha. Ya plastiki ni ganda tupu, na uzito wake wote uko nyuma. Kwa hiyo kabla ya kufunga mwili unatia risasi puani, vipande vya chubwi ya kuvulia samaki, ili ikae kwa magurudumu yake matatu. Ni kosa la mtoto wa darasa la tano. Mimi nilikosea hivyo mara moja, nikiwa na miaka kumi na miwili. Amano Shigeru, aliyewafundisha nusu ya wanachama, amefunga mwili bila risasi!

Niliitikisa sikioni nikitumaini imedondokea ndani. Kimya. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ya Setsuko. Nyepesi kama gamba la yai.

"Inaomba mfupa," alisema Setsuko akipita na kapu la nguo. "Imekaa kama mbwa wa jirani."

Sikucheka. Mdomo ndio uliotabasamu wenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Nimefikiri jambo baya. Huenda alifanya makusudi. Alijua anakufa, akajua kura inaweza kuniangukia, akaniachia ndege ya kunifanya kichekesho mbele za watu mara ya pili.

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Bado nafikiri hivyo.

Jumamosi, 15 Juni

Nimepita dukani kwa Katsumata. Maboksi yamepanda hadi dari, na yeye kakaa katikati yake akila tambi.

"Mwenyekiti, tuseme marehemu amekosea kitu."

"Amano? Akosee?"

"Tuseme tu."

"Hata angebandika mkia puani, utauacha puani." Alinielekezea vijiti vyake vya kulia. "Mochizuki, nakujua. Unatafuta kosa lake ulitangaze. Mtu kafa, bwana! Achana naye."

Nilitoka nimefura. Kumbe ndivyo wanavyonifikiria. Nimetembea na mwavuli umefungwa nusu ya njia bila kujua nalowa.

Jumatatu, 17 Juni

Mvua. Ukungu umeota kwenye viatu.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimeingiza lenzi kwenye chumba cha rubani, kabla sijafunga kioo. Nimepigwa na butwaa.

Mikanda ya kiti. Amano alikuwa akikata mikanda kutoka kwenye karatasi ya bati ya shingo za chupa. Miaka yote, kila ndege, bati. Hii ni hariri. Imekunjwa pindo na kushonwa. Nimehesabu: mishono sita kwenye kipande kisichozidi punje ya mchele. Na saa za dashibodi hazikupakwa kwa brashi. Kila nukta ni duara kamili, kama imegongwa kwa kichwa cha pini.

Kisha nikakumbuka. T-33, ile ndege ya mafunzo ya Amano iliyonishinda mwezi wa kumi, ilikuwa na mikanda ya namna hii. Mimi ndiye katibu, na karatasi ambazo kila mwanachama huwapa wenzake alama ninazo. Nimeitafuta yangu. Nimejiandikia mwenyewe, kwa hasira lakini kwa haki: "Mikanda: sijapata kuona. Kumi."

Huu si mkono wa Amano. Wala T-33 haikuwa ya mkono wa Amano. Na sheria ya mashindano inasema wazi kwamba kila mtu alete alichokijenga mwenyewe. Tumedanganywa! Ngao imekwenda kwa mwizi, na mwizi ni marehemu, na mshindi wa pili nilikuwa mimi.

Nakiri nilifurahi kwa kiasi cha dakika kumi hivi.

Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika kirefu, na nisipoandika leo nitajifanya kesho kwamba sikusikia.

Nilikwenda kwa Fumie mchana, mvua ya kumwaga. Alikuwa kakaa na kimono ya mteja mapajani. Amekuwa mshonaji tangu usichana wake. Akaniwekea chai. Nikatoa ndege kwenye boksi, nikabana magurudumu kwa utepe, nikaiweka kwenye meza yake ya chini. Nilitaka aone. Ikanyanyua pua, ikakalia mkia.

Fumie akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Risasi! Mungu wangu, nimesahau risasi!"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikayeyuka yote.

"Nani amesahau?" nikauliza.

Aliitazama ndege, akanitazama mimi, akaona kwamba maji yameshamwagika.

"Mimi," akasema. "Yeye ndiye alikuwa akinikumbusha. Kila nikifika pale pa kufunga mwili anapiga kelele kutoka pale alipokaa: Pua, Fumie, pua! Safari hii alikuwa hospitali. Nilitaka akirudi aikute imefungwa. Nilifunga peke yangu."

"Shemeji, unajenga tangu lini?"

"Miaka miwili na miezi. Tangu macho yake yalipokufa."

Nadhani nilimwuliza "macho ya nani" kama mpumbavu.

Akanieleza taratibu, sindano bado mkononi. Ugonjwa ulimla katikati ya jicho. Pembeni alibaki akiona kidogo, kwa hiyo alitembea bila fimbo, alikwepa meza na kumwaga chai kikombeni. Lakini alichokitazama moja kwa moja kilifutika. Uso wa mtu, namba, ncha ya brashi. Hakutaka mtu ajue. Fundi wa ndege asiyeona ni nini, alikuwa akimwambia mkewe, ni mzee anayenuka gundi tu. Basi yeye akawa anakaa kwenye mto pale pembeni na kusema, na Fumie anafanya. Kila kipande kikiisha anampa akipapase. Kisipokuwa sawa anamrudishia. Mikanda ya bati ilimshinda Fumie, ikawa inamkata vidole, ndipo akashona.

"Mwezi wa kumi sikutaka aipeleke ile T-33," akasema. "Nilimwambia si haki. Akasema, ikishinda nitajua umeweza. Ilipokuja na ngao alilia, na mimi nikaogopa. Tangu siku ile naogopa."

Nilikuwa bado namhesabia makosa kichwani, naapa. Ndipo nikakumbuka.

"Mei ya mwaka jana," nikasema. "Kwenye maonyesho."

"Naam."

"Aliniuliza Fantomu yangu ni ndege gani."

Fumie akaweka sindano chini. "Shemeji, alikuwa anauliza."

Chai ilinimwagikia gotini na sikuihisi.

"Alikuja nyumbani akaniambia: Mochizuki ameleta kitu kikubwa, mkia umeshuka chini, nadhani ni Fantomu. Nilitaka anipe nikishike. Nimemwuliza, akaondoka. Kwa nini ameondoka? Mimi nikamwambia labda umemkera. Akasema, nitamwomba radhi nikimwona." Akaikunja kimono ya mteja. "Lakini hakukuona tena. Wewe ulikuwa unakaa upande wa pili wa ukumbi, husemi. Angekujuaje kama upo?"

Jumapili, 23 Juni

Majuto ni mjukuu, na wangu nimekaa naye siku nzima. Mwaka mzima. Mtu alitaka kushika ndege yangu. Nilikuwa na mikono miwili na sikumpa.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemweleza Setsuko yote. Nilitegemea ashtuke nipate mwenzangu. Hakuacha hata kumenya viazi.

"Fumie kuwa na rangi ya fedha kwenye kucha miaka miwili, wewe ulidhani anajiremba?"

"Ulijua?"

"Wake wa chama wote tunajua. Mwenye macho haambiwi tazama, Baba Haruka."

Watu kumi na saba wenye lenzi, na hatukuona kitu.

Alhamisi, 27 Juni

Nimerudi kwa Fumie. Mvua nyepesi.

Anataka niiache kama ilivyo, niiwekee kijiti chini ya mkia na nifunge mdomo. "Wakijua watamvua ushindi, naye hana tena wa kumsemea. Na wakiiona imekaa hivyo watasema Amano alizeeka vibaya. Vyovyote itakavyokuwa anaaibika. Nipe kijiti."

"Na mimi siwezi kuifungua," nikasema. "Kilichobandikwa na marehemu hakibanduliwi."

Maji ya paa yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo ya jirani, tukiyasikiliza. Halafu likanijia, jambo jepesi kiasi kwamba nilijionea haya.

"Shemeji, marehemu hajabandika kitu hapa. Aliyebandika yuko hai na anakunywa chai na mimi. Sheria haimhusu. Chukua msumeno, ufungue mwenyewe."

Alinitazama kama nimemwambia afungue kaburi. Kisha akaniapisha nisimtaje kwa mtu yeyote kwenye chama. Nikaapa.

Jumatatu, 1 Julai

Fumie ameukata mdomo wa Seiba, yaani pua yake, kwa msumeno mwembamba kama unywele. Mkono haukutikisika hata mara moja. Mimi ndiye nilikuwa nageuza uso.

Nilikaa kwenye mto wa marehemu kwa sababu hapakuwa na pengine. Alipofika kwenye kupima risasi alisita. "Niambie basi. Sema."

"Gramu kumi. Ziponde ziwe bapa, uzilaze juu ya njia ya hewa."

"Sema kwa kukaripia kidogo. Nimezoea."

Nikamkaripia. Akacheka, kisha akalia, kisha akaponda chubwi kwa nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 5 Julai

Tumepuliza rangi ya fedha. Hewa ni maji matupu. Ndani ya dakika tano rangi ikapiga ukungu mweupe, kuanzia puani hadi mkiani. Tumeifuta yote. Siku tisa zimebaki.

Jumamosi, 6 Julai

Mvua.

Jumapili, 7 Julai

Mvua. Fumie kanipigia simu kuniuliza kama mvua imeacha kwangu. Tunakaa mitaa miwili tu.

Jumatatu, 8 Julai

Jua! Nimekimbia na kipulizio mkononi kama mwizi. Tumepaka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Imetoka kama chuma kilichosuguliwa na askari. Sijawahi kujenga ndege nzuri kiasi hiki, na sikuijenga mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Vibandiko, kioo, magurudumu. Imesimama kwa matatu. Fumie aliisukuma mkia kwa kidole, ikainama, ikarudi. Akaisukuma tena, na tena.

Jumapili, 14 Julai

Arobaini na tisa.

Mtawa wa Kibudha alimaliza kusoma sala hekaluni saa tano. Jamaa wa familia walikuwa wachache, sisi wa chama tulijaa nusu ya chumba, suti nyeusi na jasho. Seiba ilikuwa mbele ya picha ya Amano. Ilipofika zamu yake ya ubani, Katsumata aliinama, akasali, halafu tabia ya miaka ikamshinda: akainyanyua ndege, akaivalia miwani.

"Tazameni," akasema. "Mpaka mwisho, Amano ni Amano."

Akapitisha kidole gumba juu ya mgongo, juu ya pua. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Naye akanigeukia, uso umebadilika rangi.

"Huu mdomo umefunguliwa."

Akaupapasa tena.

"Umekatwa na kufungwa upya. Nausikia mshono. Mochizuki! Sheria moja tu tunayo. Moja! Marehemu hajatimiza hata siku hamsini umeshampasua uso, kwa kinyongo chako cha mwaka jana. Huna haya?"

Wenzangu walinitazama. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Niliapa, kwa hiyo niliinamisha kichwa hadi kwenye mkeka, nikasema, "Nisameheni."

"Samahani haitoshi. Ukatibu uuache leo. Na chama..."

"Nimeukata mimi."

Ilikuwa sauti ya Fumie. Alikuwa amepiga magoti kando ya picha, mgongo umenyooka.

"Shemeji, nyamaza," nikamnong'oneza.

"Sinyamazi. Nilifunga mwili nikasahau risasi, nikaufungua nikatia. Ndege hii ni yangu. Na T-33 ilikuwa yangu, na mbili kabla yake. Mume wangu alikuwa haoni. Yeye alikuwa anasema, mimi nafanya."

Mtawa mwenyewe alisahau kikombe hewani. Katsumata alibaki na Seiba mikononi, mdomo wazi, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Kisha mwenyekiti wa chama chetu, mbele ya ubani na jamaa na mtawa, akauliza:

"Zile nukta za dashibodi... uligonga kwa kitu gani?"

"Sindano namba tisa. Upande wa tundu."

"Upande wa tundu!" alisema mmoja nyuma yangu, na nikasikia kalamu ikitafutwa mfukoni.

Lakini Fumie hakuwa amemaliza. Alivuta kifurushi kutoka chini ya meza ya ubani, akakifungua. Ngao ya mwezi wa kumi. Kumbe alikuja nayo ameshaamua, kabla hata Katsumata hajanitukana. Akaisukuma kwenye mkeka kwa mikono miwili mpaka ikanigusa magoti.

"Mwanachama alete alichokijenga mwenyewe. Shigeru hakukijenga. Mimi si mwanachama. Hii ni yako, shemeji."

Nilimtazama Katsumata anikomboe. Yeye akasema, "Sheria ni sheria."

Nimeitaka ngao hiyo miaka kumi na tisa. Nilitaka kusema hapana. Mikono yangu ikaichukua.

Jumanne, 16 Julai

Ngao iko juu ya kabati. Setsuko ameifuta vumbi na kuniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia anipishe nimeze chai. Jana Katsumata alikuja mlangoni na boksi la samaki kuniomba radhi, akashindwa kuanza, nikamsaidia kwa kumwalika ndani. Alinieleza kwamba asubuhi Fumie alifika dukani, akajaza fomu ya uanachama, akalala kifudifudi kutazama rafu za chini, na kutoka na ndege ngumu kuliko zote zilizokuwepo. Wanaume watatu walimfuata hadi kituo cha treni wakimuuliza habari za nyuzi.

Kwa hiyo nami leo nimefuta meza, nimefungua boksi jipya. Mwezi wa kumi nitashindwa tena, na safari hii nitamjua anayenishinda.